Debe la Mwenye Udongo

Matinyani,
14 Februari 2024

Kwako ndugu yangu Kyule,

Nakusalimu wewe, mama watoto, na wale wajukuu wawili ambao mpaka leo nimewaona kwenye picha tu. Huku tuko wazima. Mvua ya Desemba imetuachia ndengu za kutosha na mbaazi zimeanza kutoa maua. Ng'ombe yule mweupe amezaa dume. Goti langu linauma nikipanda kwenda kanisani, nikishuka haliumi, kwa hiyo si ugonjwa wa kunizuia kukuandikia.

Utashangaa kupata barua katika mwaka ambao hata kuku wanauzwa kwa simu. Nimekupigia mara nne. Mara zote nne tumezungumza vizuri juu ya mvua, na kila nilipotaja kiwanda mtandao ukakatika upande wako. Mtito Andei ni mji wa barabara kuu, Kyule, una minara mingi kuliko miti. Sasa barua haina mtandao. Anakuletea Kiema, dereva wa lori la kiwanda, anayepita hapo kila baada ya wiki mbili akipeleka mashudu pwani kwa wafugaji. Nimemwambia asiondoke mpaka akuone ukiifungua.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wa ofisi ya ardhi walikuja kwa chifu mwezi uliopita. Daftari la mashamba ya hapa linafungwa. Kila shamba lina mwenyewe isipokuwa kiwanja cha kiwanda, zile ekari sita kando ya barabara, ambazo siku ya kupima ziliandikwa "kiwanda" na kuachwa hivyo. Kamati itakaa mara ya mwisho tarehe 30 Agosti. Mwenye haki alete maandishi. Asipotokea mtu, kiwanja kitakuwa cha kaunti.

Wewe unajua baba aliniambia nini, maana ulikuwepo. Mwaka niliotoka kwa yule mwanamume wa Zombe na kurudi nyumbani na sanduku moja, mzee Nyamai alisema mbele yako na mbele ya mama kwamba shamba la nyumbani ni la mtoto wa kiume, na changu mimi ni kiwanja cha kiwanda, siku makubaliano yake yatakapokwisha. Sikulalamika. Nimekaa miaka thelathini na moja kwenye shamba lako, nalima, nalinda mipaka yako, nikijua changu kiko pale chini ya matangi. Nina miaka sitini na mmoja na sina hata futi moja yenye jina langu.

Ile karatasi ya makubaliano ilikuwa kwenye sanduku la bati la baba. Sanduku ulilichukua wewe baada ya mazishi. Mpe Kiema karatasi.

Ni mimi dada yako, nasubiri,
Kavata


Mtito Andei,
20 Machi 2024

Mpendwa Dada Kavata,

Barua yako imefika, na Kiema amesimama mbele yangu kama askari jela mpaka nikamaliza kusoma. Sisi tu wazima. Joto la hapa unalijua, lami inalainika na matairi yanapasuka, kwa hiyo mimi na karakana yangu hatulalamiki. Juzi tembo wa Tsavo wameingia mpaka nyuma ya kituo cha mafuta na kula mahindi ya mwenye hoteli. Mama watoto anakusalimu sana, anasema goti lipakwe mafuta ya moto.

Kuhusu habari ya kiwanda, nimefikiri sana. Naona tusikimbie. Kwanza mtu ajue historia yake. Kiwanda kile kimepita mikononi mwa watu wengi, na pengine mmoja wao alinunua na ardhi yenyewe bila sisi kujua. Ukienda kwenye kamati na karatasi moja ya zamani, halafu mtu atoe mkataba mpya, utaaibika. Wewe ni mwalimu, uliza, andika, panga miaka.

Sanduku liko Kibwezi kwa wakwe zangu. Nasikia mchwa waliingia. Nitalifuata nikipata nafasi.

Salimia kanisa lote,
Kyule


Matinyani,
2 Aprili 2024

Kyule,

Salamu kwa mama watoto. Huku mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na paa la jikoni, ambalo ni lako, linavuja.

Kiema anasema sanduku la bati la kijani liko kwenye karakana yako, chini ya meza, na juu yake umeweka jeki. Nilimuuliza mara mbili. Akanijibu, "Mwalimu, nimelikalia hilo sanduku nikinywa chai." Basi ama wakwe zako wamehamia kwenye karakana, ama unanidanganya kwa maandishi, jambo ambalo nilikufundisha darasa la pili usifanye.

Lakini ulitaka historia. Nimetembea kwa goti hili hili nikauliza, na Ismahan binti Daud, mwenye kiwanda sasa, amenifungulia kabati la chuma la ofisini na kunipa kiti. Haya soma.

Bwana Jivraj alijenga mwaka 1965, pamba ilipokuwa na maana. Wewe hukuwa umezaliwa. Mimi nilikuwa na miaka miwili, lakini baadaye nakumbuka tukichungulia kwenye ua wa mkonge. Mafuta yakitoka kwenye kinu cha mbegu za pamba yalikuwa meusi yenye wekundu, kama mto wa mafuriko. Waliyamwagia magadi makali, wakayachemsha, uchafu ukazama, na jioni yakatoka ya manjano, safi, hata ukiweka kidole nyuma ya glasi unakiona. Ule uchafu ulifanywa sabuni. Hakuna kilichotupwa pale enzi za Jivraj isipokuwa matusi ya msimamizi wake.

Mwaka 1979 Jivraj akachoka, wanawe wakiwa Ulaya, akauzia ushirika wetu wa wakulima wa pamba. Ushirika uliendesha kiwanda kwa mikutano. Kulikuwa na kamati ya kinu, kamati ya tangi, na kamati ya kuchunguza kamati mbili za kwanza. Bei ya pamba ilipokufa mwaka 1988 ushirika nao ukafa, benki ikaleta mfilisi, na mfilisi akaleta kufuli. Kufuli likakaa miaka minane. Mwaka 1996 mheshimiwa fulani wa Nairobi akanunua mnadani, akahutubia pale langoni kwamba atafufua kilimo, kisha akang'oa mabomba yote ya shaba na kwenda nayo. Miaka kumi baadaye akaja mzee Daud Abdiwahab, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini, aliyetaka mashudu ya mifugo yake tu na kuyaona mafuta kama usumbufu wa mashudu. Ni huyu bintiye aliyerudisha tangi la kusafishia kazini. Wenye kiwanda watano, Kyule, na bado watu wakitumana wanasema nenda Kwa Muindi, kana kwamba Jivraj bado yupo.

Nimesoma mikataba yote mitatu ya kuuziana. Wameuziana kinu, tangi, boila, mabati, choo, mpaka mwarobaini wa langoni umeandikwa. Udongo haumo. Wote walijua udongo una mwenyewe. Ndiyo maana kila mavuno ya pamba debe moja la mafuta safi lilikuja nyumbani kwetu, zama za Jivraj, zama za ushirika, na mzee Daud naye akaendeleza. Baba alipofariki mwaka 2009 likaanza kuja kwangu. Mpaka leo analileta Mutie, mlinzi wa lango, kwa wilbaro. Unamkumbuka Mutie, mtoto wa yule Mbithe aliyekuwa akimsaidia kazi nyanya yetu, Susu Kanini. Huwa namjazia chupa moja ya soda kwa ajili ya usumbufu wake, kama alivyofanya baba.

Ismahan anataka mkataba mpya na mwenye udongo ili apate watu wa kuungana naye katika mafuta ya alizeti. Ananiita Mama Mwalimu na kuniuliza hati iko wapi. Nami nakuuliza wewe.

Sina maneno ya kufungia,
Kavata


Mtito Andei,
19 Mei 2024

Dada yangu,

Pole kwa paa. Samahani kwa kuchelewa, mjukuu wangu, mtoto wa pili wa Mulwa, alikuwa na malaria na tulikuwa tukihangaika naye hospitalini. Sasa anacheza.

Ni kweli sanduku liko hapa. Lilirudishwa kutoka Kibwezi na mimi sikuambiwa. Nimelifungua. Nakutumia nilichopata: cheti cha ubatizo cha baba, kalenda ya ushirika ya mwaka 1983, na picha yako ukiwa chuo cha ualimu. Ulikuwa umenawiri sana. Kuna karatasi nyingine zimeshikana, sijui ni za nini, macho yangu hayaoni maandishi madogo.

Nakuomba unisikilize bila hasira. Kwa nini tusiache kaunti ichukue kile kiwanja? Kaunti itajenga hata zahanati. Wewe una paa, mimi sijakufukuza, wala sitakufukuza. Mbuzi wangu watano walioko kwa binamu yetu Nyamai mdogo uwachukue wawe wako. Ardhi ya kiwanda imejaa magadi na grisi, hata mhogo hautaota.

Nisamehe kwa yote,
Kyule


Matinyani,
8 Juni 2024

Kyule,

Nashukuru mtoto amepona. Kalenda nimeitundika jikoni, inaziba tundu.

Sitaki mbuzi. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, na bado inasema mbuzi. Nilikuomba karatasi moja. Miezi minne umenipa mchwa, wakwe, macho mabovu, na sasa zahanati. Mtu akikuomba maji wewe unamweleza habari za mabomba.

Sasa nikuambie nilichokiona. Ismahan ameendelea kuchimba lile kabati. Kumbe kila kiwanda kilipobadili mikono, anayeondoka alimwandikia anayeingia maelezo ya kukabidhi: boila inapenda kuni gani, fundi gani ni mwizi, tangi lioshwe lini. Yapo yote, kuanzia ya Jivraj. Na kwenye kila moja, ukurasa wa mwisho, kuna sentensi ileile ambayo kila mmoja amenakili kwa mwenzake bila kuuliza: "Debe moja la mafuta yaliyosafishwa, kila mavuno, lipelekwe kwa mwenye udongo, Bwana Kanini, mume wa Mbithe."

Ismahan akaniuliza, "Mama Mwalimu, huyu Bwana Kanini ni babu yenu?"

Nilimwambia nitauliza. Nimemuuliza mzee Mutisya wa kamati, ambaye anaujua ukoo wetu kuliko sisi wenyewe. Akatazama kofia yake. Nikamuuliza mama mchungaji, akaniambia mambo mengine ya zamani tuyaachie zamani. Hakuna mwanamume aliyeitwa Kanini katika ukoo huu. Mimi namjua Kanini mmoja tu, mke mkubwa wa babu Kitonga, ambaye hakujaliwa mtoto, na alivaa gauni.

Mwandishi wa Jivraj alikosea, ndivyo ninavyojiambia. Lakini karani anaweza kukosea "Bwana", hawezi kukosea na mke pia. Niandikie, Kyule. Usiniandikie habari za malaria.

Kavata


Mtito Andei,
29 Julai 2024

Dada Kavata,

Sitakusalimu kwa urefu, utaona najificha nyuma ya salamu. Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Nimeijua tangu mwaka 2009.

Baba aliniambia hospitalini, wiki ya mwisho, wewe ulipokuwa umeenda kumnunulia uji. Alisema Susu Kanini hakuwa na mtoto, kwa hiyo alifanya walivyofanya wanawake wa hali yake: alilima pamba yake mwenyewe, akatoa mahari kwa mbuzi wake mwenyewe, akamwoa Mbithe awe iweto wake, amzalie watoto wa nyumba yake. Mbithe hakuwa mtu wa kusaidia kazi. Alikuwa mke, na Kanini ndiye mume, na Mutie ni mtoto wa nyumba ile. Shamba la barabarani lilikuwa la Kanini. Jivraj alipokuja kutafuta mahali pa kujenga, alielewana na yeye, mbele ya chifu, kwa muda wa miaka sitini, na malipo ni debe kila mavuno. Dole gumba unaloliona pale chini ni lake.

Susu alikufa mwaka 1971. Mutie alikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa ameokoka na kanisa lilikuwa halitaki kusikia habari za mwanamke kuoa mwanamke, kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema Mbithe alikuwa mfanyakazi tu. Akachukua karatasi, na debe likaanza kuja kwa mama. Mutie akaacha shule. Baadaye baba akamwombea kazi ya langoni, nafikiri kwa kuona aibu.

Kisha wewe ukarudi kutoka Zombe na huzuni yako, na baba akataka kukupa kitu. Akakupa kisichokuwa chake. Aliniambia, "Usimwambie Kavata, atavunjika." Nimeshindwa kukwambia na nimeshindwa kuichoma. Nimekuwa nikiweka jeki juu yake.

Mimi,
Kyule


Matinyani,
9 Agosti 2024

Kyule,

Imefika. Nimeiweka kwenye mkebe wa unga.

Usiniambie ulinyamaza ili nisivunjike. Nimezika ndoa, nimezika wazazi wawili, nimefundisha darasa la watoto themanini kwa chaki moja, na sikuvunjika. Ulinyamaza kwa sababu siku nitakayojua kiwanja si changu, nitageuka na kutazama shamba la nyumbani, na shamba la nyumbani ni lako. Baba alijua hivyo na wewe ulijua hivyo. Mlinipa kiwanja cha mtu mwingine ili nisiulize habari ya chenu.

Na unajua kinachonichoma zaidi ya hapo? Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba hapa kwetu mwanamke hashiki ardhi. Mama aliniambia, baba aliniambia, wewe uliniambia kwa adabu. Na kumbe kulikuwa na mwanamke kwenye boma letu hili, ambaye alinibeba mgongoni, aliyeshika ardhi, akaoa, akawekeana makubaliano na Muindi mbele ya chifu, na kiwanda kikasimama juu ya neno lake miaka sitini. Wenye kiwanda watano walimwandika mwenye udongo. Kwetu sisi ndugu zake akaandikwa bibi mzee aliyekuwa akisaidiwa kazi.

Sasa nikwambie la upande wa pili, nisije nikajifanya malaika. Karani wa ofisi ya ardhi ameniambia ana kwa ana, "Mwalimu, wewe njoo tu. Hiyo debe imekuja kwenu miaka yote, majirani wanajua, tutaandika jina yako." Hahitaji karatasi. Mzee Mutisya atatazama kofia yake. Mutie hajui kusoma. Ismahan anangoja jina lolote. Ni mimi na wewe tu, na mkebe wa unga.

Jana Mutie ameleta debe la mwaka huu kwa wilbaro, akitokwa jasho. Nikamjazia chupa yake ya soda. Nikamwaga kidogo, akasema, "Pole, mwalimu, ni uzee," akapangusa sakafu kwa kofia yake. Nimechukia watu watatu siku hiyohiyo, na wewe ulikuwa wa pili.

Kavata


Mtito Andei,
21 Agosti 2024

Dada,

Yote uliyosema ni haki yako kusema. Sina la kujitetea.

Kuhusu tarehe 30, fanya unavyoona. Ukijiandikisha, mimi nitanyamaza mpaka kaburini, sijui kitu. Ukisema ukweli, pia nitanyamaza. Chochote utakachoamua mimi niko nyuma yako.

Kyule


Matinyani,
3 Septemba 2024

Kwako Kyule, uliye nyuma yangu kilomita nyingi,

Natumaini wajukuu wako salama. Huku upepo wa Agosti umeng'oa mabati mawili ya jikoni na Nyamai mdogo ameyarudisha. Goti limetulia tangu Ijumaa, sijui kwa nini.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita na ndani yake umenyamaza mara mbili. Nimeitumia kuwashia moto.

Ijumaa tulikaa kwenye kivuli cha mabati ya ofisi ya chifu. Kamati mbele, sisi kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Ismahan alikuja na mkoba wake wa karatasi. Mutie alikuwepo kwa sababu alitumwa alete viti vya wageni. Karani akasoma, "Kiwanja cha kiwanda, nani anadai?" akanitazama mimi na kalamu yake tayari iko kwenye karatasi.

Nilisimama. Nitakwambia ukweli, mpaka niliposimama sikuwa nimeamua. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge lenye mfuko mkubwa, karatasi iko mfukoni, na ningeweza kuiacha humo. Nilitaka kuiacha. Nilitaka kile kiwanja kama mtu anavyotaka maji, na bado nakitaka leo ninapokuandikia. Halafu Mutie, akidhani nimesimama kwa sababu benchi ni gumu kwa goti langu, akaniletea kiti.

Nikaitoa. Nikasoma kwa sauti ya darasani, kuanzia tarehe mpaka mashahidi. Nilipofika kwenye jina mzee Mutisya akavua kofia kabisa, akaiweka juu ya meza. Mutie alikuwa bado ameshika mgongo wa kiti changu. Akasema, "Soma tena hapo kwa jina." Nikasoma: Kanini, mke wa Kitonga, mume wa Mbithe. Akasema, "Mbithe ni mamangu." Nikamwambia ndiyo. Nikawaambia kamati kwamba mtoto wa nyumba ya Kanini ni huyu hapa, kwamba kwa mila yetu ni ndugu yangu, na kwamba nyumba ya Nyamai ilificha karatasi hii tangu mwaka 1971. Nilisema ilificha. Sikusema ilihifadhi.

Mama mchungaji aliinamisha kichwa, sijui kama aliomba au alikasirika. Karani aliuliza kama ofisi inaweza kuandika mume ambaye ni mwanamke. Mzee Mutisya akamjibu, "Andika vile imeandikwa hapo. Hiyo dole gumba ilijua kazi yake." Wakaandika. Mutie naye akaweka dole gumba lake, akaliangalia muda mrefu baada ya kuweka.

Tulipotoka alinifuata mpaka kwenye ua. Nilidhani atanitukana na nilikuwa nimejiandaa. Akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka hesabu yake iwe sawa, "Mwalimu, kwa hivyo ile chupa ya soda, ulikuwa unanipatia yangu?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Na ile iliyobaki kwenye debe pia ilikuwa yako."

"Yote?"

"Yote."

Akachukua viti viwili vya kamati kichwani, akaenda navyo. Kyule, tulikula mafuta yale. Unakumbuka watu walivyotusifu miguu yetu inavyong'aa Jumapili, watoto wa Nyamai? Tulijipaka mafuta ya Mutie, na yeye akatembea mbele yetu na miguu yenye majivu, na tukamcheka. Mimi nilimcheka. Wewe ulikuwa mdogo, lakini ulijifunza kwangu.

Sasa yako wewe. Shamba la nyumbani ni ekari nane. Nataka nne za upande wa mto, kwa jina langu, kwa hati, siyo kwa maneno ya mzee mbele ya mama. Daftari linafungwa tarehe 15 Oktoba kwa wanaogawana wenyewe kwa wenyewe, na lazima mwenye shamba afike mwenyewe. Usitume barua. Usimtume Kiema. Ukinyamaza safari hii nitaujua unyamavu wako una maana gani, na nitakwenda kwenye kamati na kusoma barua zako zote kwa sauti ya darasani. Ninazo, isipokuwa ile moja ya kuwashia moto, na hiyo haikuwa na kitu.

La mwisho. Debe la mwaka huu sikuwa nimelitumia, isipokuwa ile chupa. Jumamosi nilikwenda Kwa Muindi, nikaazima wilbaro ileile, nikalipandisha debe na kulisukuma mpaka nyumbani kwa Mutie, kule nyuma ya shule. Ni mbali, Kyule, na njia ina mawe. Sikuwahi kujua ni mbali hivyo. Nilisimama mara tano, na watu walitoka kwenye maduka kunitazama mwalimu mstaafu akisukuma mafuta. Mutie alikuwa amekaa nje akitengeneza kiatu. Alitazama debe, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nilifikiri amekataa.

Akatoka na chupa ya soda iliyooshwa. Akafungua debe, akaijaza mpaka shingoni bila kumwaga hata tone, akanipa.

"Ya usumbufu wako, mwalimu," akasema.

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Dada yako wa ekari nne,
Kavata